Wasikilizaji wa metali ya simfoni yenye sauti za opera, Mtwara na Lindi tupo wangapi?

Korosho Ghafi (Mtwara mjini)

Wakuu salaam. Mtwara kuchele!

Humu mimi ni msomaji wa pembeni wa siku nyingi. Leo nimeamua kufungua uzi maana hili jambo nimelibeba peke yangu miaka mingi. Nyumbani wananishangaa, ghalani wananicheka, kwenye kwaya nimejificha kabisa. Nataka kujua kama kusini huku kuna mwingine anayesikiliza ule muziki wa magitaa mazito, dramu za mbio, okestra nyuma yake, halafu mbele anasimama mwanamke anaimba kwa sauti ya opera. Sauti ya kwanza haswa, ile inayopanda mpaka unajikuta unatazama dari.

Niwasimulie nilivyonasa. Mwaka 2009 nilikuwa na kisimu cha kubonyeza chenye memori kadi. Karibu na soko kuu alikuwepo kijana mwenye kompyuta, unampa jero anakujazia nyimbo. Nikaagiza kwaya na bongofleva zilizokuwa zinavuma. Kufika nyumbani nakuta katikati kuna mafaili matatu hayana jina, namba tupu. Nikafungua la kwanza nikiwa kitandani, taa nimezima. Kikaanza kinanda, mara dramu zikaanguka kama mvua ya Februari juu ya bati. Nikasema huyu kijana kanijazia takataka. Kidole kiko kwenye kitufe cha kufuta. Ndipo yule dada akaingia.

Mimi naimba besi, sauti ya nne, tangu mwaka niliopata kipaimara. Sauti ya kwanza nimeisikia maisha yangu yote kwa akina mama na mabinti wanaosimama upande wa kinanda. Najua inavyokuwa ikichoka: inapanda bila pumzi, inalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Huyu hakuchoka. Alishika noti moja ndefu juu ya kishindo chote kile, sauti inatetema kidogo kwa mpangilio, maneno siyaelewi hata moja. Sikufuta. Nilirudia mpaka simu ikazima chaji.

Ilinichukua karibu mwaka kujua ni akina nani. Kumbe ni Nightwish wa Ufini, na dada mwenyewe ni Tarja Turunen. Bendi ilizaliwa 1996 katika mji mdogo unaoitwa Kitee, mashariki ya nchi yao, jirani na mpaka wa Urusi. Hilo la mpaka lilinifurahisha kuliko yote. Nilidhani mambo haya hupikwa London au New York, kumbe ni vijana wa pembezoni, watoto wa misitu na maziwa, kama sisi tulivyosukumwa huku ukingoni na Ruvuma yetu. Tuomas Holopainen anapiga kinanda na ndiye mtunzi, Emppu Vuorinen gitaa, Tarja alikuwa mwanafunzi wa uimbaji wa kiklasiki. Na hapa sikilizeni vizuri: mwanzoni walitaka kupiga vitu vya taratibu, magitaa makavu yasiyo na umeme, vya kuotea moto jioni. Walipomrekodi Tarja wakaona sauti imekuwa kubwa kuliko nyimbo. Ndipo wakachomeka umeme.

Kwa hiyo anayeniambia "dada wa watu anaimba vizuri ila wamemfunika na makelele" huwa namwambia arudie kusikiliza. Makelele yaliitwa na sauti yake. Bila sauti ya ukubwa ule wangebaki na magitaa yao ya kuotea moto.

Haya, nani yupo? Masasi, Newala, Nachingwea, Lindi, jitokezeni.

Bodaboda wa Chuno

Mkuu mimi nimeona "metali" nikajua unauza mabati. Nina kibanda nataka kuezeka.

Korosho Ghafi

Hahaha samahani mkuu. Mabati sina, nina dramu zinazogonga kama mabati.

Bodaboda wa Chuno

Basi nielimishe. Huo muziki unachezwaje?

Korosho Ghafi

Hauchezwi. Unatikisa kichwa, ukishindwa unakaa kimya.

Mapigo 300

Muziki usiochezeka ni hotuba. Na mkija na habari za "dramu za mbio" mjue mnaongea na watu wa singeli. Hao Wafini wenu wanakwenda kasi gani? Leteni namba.

Fundi Sabufa (Lindi)

Namba ninazo. Natengeneza redio na spika hapa Lindi. Muziki huu siuabudu, ila nina wateja wawili wanaousikiliza, mmoja mwalimu wa sekondari, na sabufa yake nimeshaifungua mara tatu. Kila nikiijaribu ananiwekea hizo nyimbo zake. Nimeujua kwa lazima.

Pawa metali (ile metali ya mbio, ndugu wa hii ya simfoni) mara nyingi hukimbia kati ya mapigo 150 na 200 kwa dakika. Singeli inavuka 200 bila kutoka jasho. Kwa hesabu hiyo kaka umeshinda, nenda kalale. Ila mpiga dramu wa pawa metali ana pedali mbili, dramu kubwa anaigonga kwa miguu yote, na mara nyingi miguu inagonga mara nne ndani ya kila pigo. Chukua mapigo 180 kwa dakika: ni matatu kwa sekunde, zidisha kwa nne, unapata migongo 12 kila sekunde. Miguu ya mtu hiyo, aliyekula ugali wake akakaa kitini. Helloween wa Hamburg ndio waliouchonga mtindo wenyewe kwenye albamu zao mbili za Keeper, 1987 na 1988, wakafuata Stratovarius wa Ufini, na Rhapsody wa Italia wakaja kujaza okestra na kwaya kila mahali kama sinema ya mazimwi.

Sasa suala la yule dada, hapo ndipo fundi ninapopata raha. Mwimbaji wa opera hufunzwa asikike ukumbi mzima bila maikrofoni, okestra ikiwa mbele yake. Kwa nguvu hawezi kushindana na fidla arobaini na matarumbeta. Anachofanya ni kupanga koo lake ili nguvu ya sauti ijikusanye karibu na hezi 3,000, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra inakuwa imepungua na sikio la binadamu liko kali. Kwa wanaume ndiyo inaonekana wazi zaidi. Soprano, yaani mwanamke wa sauti ya kwanza, akiwa juu kabisa anatumia na mbinu nyingine, anaufuatisha mdomo na noti, ndiyo maana ukimtazama anazidi kufungua taya kila anavyopanda.

Tatizo: gitaa la umeme likishachafuliwa sauti makusudi, linajaa hukohuko kwenye hezi 2,000, 3,000, 4,000. Ule upenyo ambao okestra ilimwachia mwimbaji, gitaa linaukalia. Kwa hiyo mtu anayechanganya sauti studio lazima alichonge gitaa, alipunguze kidogo pale anapopita mwimbaji, kama unavyomsogeza abiria mnene kwenye Hiace ili mwenzake akae. Asipofanya hivyo hata huyo Tarja utamsikia kama mtu anaimba ndani ya tenki la maji.

Halafu nyie wateja wangu mnachukua kazi ya watu mnaiweka kwenye sabufa, kitufe cha besi mmekizungusha mpaka kikatika. Mnasikia pedali tu. Rudisheni besi nusu. Mtanishukuru.

Mapigo 300

Namba nimezikubali. Ugali nimeukataa, Ufini hakuna ugali.

Sindano Tatu

Ndugu zangu, kama mtu mzima naomba niseme. Huo muziki ni wa kuzimu. Tazama mavazi yao, meusi mwanzo mwisho, mafuvu, misalaba iliyopinduliwa. Halafu mtu anatuambia yeye ni mwanakwaya! Huwezi kutumikia mabwana wawili. Mashetani huingilia masikioni.

Korosho Ghafi

Mzee wangu shikamoo. Nyeusi hata padre wetu anavaa.

Sitakuficha, ndani ya ukoo wa metali zipo bendi zinazomwimba shetani, na wengine wanaimba makusudi ili wazazi wakasirike. Ila ukoo ni mkubwa mzee. Hawa wa simfoni wengi wanaimba hadithi, bahari, ndoto, mapenzi yaliyoharibika. Tarja mwenyewe Desemba nyingi ameimba nyimbo za Noeli makanisani kwao, na mwaka 2015 alitoa albamu nzima ya Ave Maria za watunzi mbalimbali, mmoja wao ni yeye mwenyewe. Albamu nzima, hakuna gitaa hata moja la umeme. Niambie ni shetani gani huyo anayesali salamu Maria kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Nikiri jingine ili usije ukalikuta mwenyewe ukasema nilificha. Epica wa Uholanzi wana mfululizo wa nyimbo kuhusu dini inavyotumika kuwakaba watu. Mara ya kwanza nilipotafuta maana ya maneno yake nilikosa raha, nikaacha kuzisikiliza wiki mbili hivi. Baadaye nikarudi. Mmoja wa wanaoshambuliwa mle ni mtu anayeua akisema ametumwa na Mungu, na huyo hata Mtwara hatumtaki.

Sindano Tatu

Nimekusikia. Sijakubali lakini nimekusikia. Marahaba.

Mwanakuchele (Ndanda)

Jamani niliogopa kuandika nikidhani ni utani. Mimi ni dada, muuguzi, nimekulia Ndanda hapa kwa Wabenediktini, na naimba sauti ya kwanza. Kaka Korosho, haupo peke yako.

Mimi nimeingilia mlango wa Epica, kwa mwimbaji wao Simone Simons. Kilichonivuta ni historia yake: alikuwa binti mdogo tu, akasikia albamu ya Nightwish ya 1998, Oceanborn, akaenda kutafuta mwalimu wa uimbaji wa kiklasiki. Epica walipotoa albamu yao ya kwanza 2003 alikuwa na miaka 18. Nikasema kama yeye ameanzia kwenye kusikiliza, na mimi nina masikio.

Basi nikaanza kuiga. Bafuni, nimefungua bomba ili mama asisikie. Siku ya tatu koo limewaka, Jumapili sina sauti, kwenye Utukufu nikawa nafungua mdomo tu kama samaki. Mwalimu wa kwaya akaniita pembeni. Sikumwambia ukweli, nikasema nina mafua. Akaniambia, wewe huna mafua, unasukuma kwa koo. Akachukua mshumaa wa altare uliobaki kipande, akauwasha, akauweka kama shibiri moja mbele ya mdomo wangu, akasema imba "a" na moto usitikisike. Wakuu, moto ulizimika mara saba. Hapo ndipo nilipojua wale dada wanafanya kazi gani. Pumzi inayotoka ni kidogo sana, iliyobaki yote wameibana huku chini kwenye mbavu. Sasa weka hiyo nidhamu kwenye jukwaa, umesimama saa moja na nusu, umevaa gauni zito, nyuma yako kuna mtu anagonga mara 12 kwa sekunde.

Mpaka leo mshumaa ukifika noti ya juu unacheza kidogo. Lakini hauzimiki.

Halafu niseme kitu kitakacholeta ugomvi: Floor Jansen, aliyekuja kuimba Nightwish miaka ya baadaye, anamshinda Tarja.

Korosho Ghafi

Dada karibu sana, umenipa raha kweli. Na hapohapo umeniharibia siku.

Mwanakuchele

Hahaha. Sikiliza basi. Tarja ana sauti moja, nzuri kupita maelezo, lakini ni moja: opera. Floor anaimba opera, dakika hiyohiyo anashuka anaimba kwa kifua kama mwimbaji wa roki, akitaka ananguruma. Aliingia Nightwish 2012 katikati ya ziara ya Marekani, amepigiwa simu, nyimbo amezijifunza njiani. Mwaka uliofuata wakamtangaza rasmi. Mwaka 2019 alitokea kwenye kipindi cha runinga kwao Uholanzi, pamoja na waimbaji wa kawaida kabisa, akaimba wimbo wa watu wawili, The Phantom of the Opera, na mwimbaji wa maigizo ya muziki, na watu ambao hawajawahi kusikia metali maishani wakabaki mdomo wazi. Mimi nilimwonyesha bibi yangu. Akasema "huyu mtoto ana mapafu".

Korosho Ghafi

Mapafu anayo, sibishi. Ila mimi nina kidonda cha 2005, naomba mnielewe. Oktoba mwaka ule wamepiga onyesho kubwa Helsinki, maelfu ya watu, wamemaliza, halafu usiku uleule wanamkabidhi Tarja barua ya kumtoa kwenye bendi, na barua wenyewe wanaitundika kwenye tovuti yao dunia nzima isome. Mimi nilikuja kuyajua miaka mitano hivi baadaye na bado yaliniuma kama yametokea jana. Kwaya yetu tuna magomvi, tumewahi kununiana kwa ajili ya sare, lakini mtu hatolewi kwa tangazo la kubandika mlangoni.

Na mnisaidie kumtetea Anette Olzon wa Uswidi aliyekuja katikati, 2007 hadi 2012. Yule hakuwa mwimbaji wa opera, hakusema ni mwimbaji wa opera, akatukanwa miaka mitano kwa kosa la kuwa yeye.

Mwanakuchele

Kwa Anette nakuunga mkono. Kwa Floor nabaki hapahapa.

Mjusi wa Tendaguru (Lindi vijijini)

Nimechelewa, mtandao huku kwetu unapanda na kushuka kama bahari ya Mchinga. Nipo, ni wa tatu.

Mnajadili waimbaji, mmesahau kitu kinachotuhusu sisi wa Lindi moja kwa moja. Albamu ya Nightwish ya 2015, ile ya kwanza kwa Floor, wimbo wa mwisho una dakika 24. Ishirini na nne! Unasimulia uhai wa dunia tangu moto na maji mpaka mtu alipokuja, na ndani yake anaongea Richard Dawkins, mwanasayansi Mwingereza. Pale katikati kuna sehemu wanyama wanasikika. Mimi niliusikiliza mara ya kwanza nikiwa shambani, si mbali na kilima cha Tendaguru.

Wageni wa uzi: hapo ndipo Wajerumani walipochimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, dinosaria, 1909 hadi 1913. Babu zetu ndio waliochimba na ndio waliobeba. Kichwani na mabegani, kwa miguu, siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mjusi mmoja amesimama leo Berlin, kimo chake mita 13 na ushee kwenda juu, watoto wa Kizungu wanalipa kiingilio kumtazama. Nilikuwa nasikiliza ile okestra inapanda, kwaya inajibu, na mimi nimekanyaga udongo uleule. Nywele zilisimama wakuu. Nikawaza, Wafini wametunga dakika 24 kuhusu habari ambayo mifupa yake ilitoka kwetu, na sisi tulio nayo kwenye damu tunamwimbia nani? Mimi bado sijasikia hata dakika tatu.

Sindano Tatu

Si mmeona? Sasa wamefika kwenye nyani. Nilisema mimi.

Mama Nasra wa Mikindani

Wanangu hamjambo. Mjukuu ndiye anayeniandikia, mimi namwambia na yeye anabonyeza.

Nimemwambia anipigie huo muziki wenu niusikie kabla sijasema, maana watu wanasema bila kusikia. Nimesikia nyimbo mbili. Wa kwanza alikuwemo mwanamume anakoroma kama ng'ombe mgonjwa, huo nimeukataa. Wa pili nimeusikiliza mpaka mwisho.

Mwanamke mbele, fidla nyuma, kinanda, wanaume wanaitikia. Sasa hii si taarab iliyokasirika? Sisi tumekulia humo. Nadi Ikhwan Safaa kule Unguja wapo tangu 1905, na Siti binti Saad alipanda meli kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, mwanamke wa Kiafrika, wakati huko Ufini kwenu sijui walikuwa wanafanya nini. Kwa hiyo kumweka mwanamke mbele ya vyombo vingi msinifundishe.

Ila nina maswali mawili. Kwanza, maneno. Katika taarab tunakwenda kusikiliza maneno, fumbo limrudie nani, jirani gani kaguswa. Huyu dada sauti anaivuta mpaka maneno yanapotea. Pili, anatunzwa vipi? Mtu kaimba hivyo na hakuna hata mmoja aliyeinuka na noti mkononi!

Korosho Ghafi

Mama Nasra shikamoo. Kwa maneno umenishika, ni kweli opera inayameza. Soprano akiwa juu sana vokali zote zinafanana, hata Mfini mwenzake anahitaji karatasi. Wenyewe wanasema sauti hapo imekuwa chombo, kama fidla. Nadhani ndiyo maana mimi niliipenda bila kujua Kiingereza kile: sikuwa na cha kupoteza.

Kutunza hakuna Mama. Wanainua mikono juu tu.

Mama Nasra wa Mikindani

Marahaba mwanangu. Mikono mitupu hiyo.

Bodaboda wa Chuno

Mimi bado nipo, nimesoma wote. Ile ya kukoroma ya Mama Nasra ni nini? Mgonjwa kweli?

Fundi Sabufa

Ni mtindo. Wanaume wengine kwenye metali hawaimbi, wananguruma, wanatumia mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti. Bendi za Norwei miaka ya tisini, Theatre of Tragedy mfano, zilipenda kumweka mwanamume anayenguruma na mwanamke mwenye sauti ya malaika kwenye wimbo mmoja, wajibizane. Epica mpaka leo wanafanya. Siyo ya kila mtu. Spika ndogo huwa inaipa mlio wa mashine ya kusaga.

Sasa wakuu, mwezi ujao nina safari ya Mtwara kupeleka spika mbili za mteja, kubwa, nimezifunga upya. Kabla sijazikabidhi lazima zijaribiwe. Mwenye uwanja aseme.

Korosho Ghafi

Uwanja upo. Tuingie pembeni tupange.

Korosho Ghafi

Wakuu narudi na mrejesho, maana wengi mmeulizia.

Tulikuwa saba. Fundi Sabufa alifika na spika zake zimefungwa mablanketi kwenye keria ya basi, dada Mwanakuchele alitoka Ndanda na nduguye, Mjusi alikuja, Bodaboda wa Chuno naye alikuja (alisema amekuja kuangalia bati za nyumba yangu). Wa saba ni mwalimu wetu wa kwaya. Huyo sikumwalika. Alikuwa anapita kwenda dukani, akasikia.

Moyo ulishuka. Miaka yote nimemficha huyu mzee. Aliingia, akavuta kigoda, hakusema neno. Tulikuwa tumeweka ule wimbo mrefu wa Nightwish wa 2004, wa dakika 10, waliopiga na okestra kamili ya London, ule ambao kwaya inaingia katikati. Fundi alikuwa ameshusha besi kama alivyotuhubiria, na kweli, nilisikia fidla ambazo miaka kumi na kitu sikujua zimo. Chombo kimoja kinapanda nyuma ya gitaa la kulia, nilidhani ni kasoro ya faili, kumbe ni fidla.

Mwalimu akaomba karatasi. Nikampa iliyokuwa karibu, karatasi ya mizani ya ghalani, upande mmoja imeandikwa kilo za korosho za mtu. Akaigeuza, akaanza kuandika nota za do re mi kwa kalamu ya risasi, haraka haraka, sauti ya kwanza juu, ya pili chini yake, mguu unapiga sakafu. Akafika mstari wa tatu, umeme ukakatika.

Kimya. Unajua ule ukimya wa umeme kukatika, unasikia kuku wa jirani. Mzee hakuinua hata kichwa. Akaendelea kuandika, huku anaimba taratibu sehemu iliyobaki kwa kuikisia, na dada Mwanakuchele akadakia sauti ya kwanza. Wakaenda hivyo kama nusu dakika, wakagonga ukuta, wakacheka.

Nikamuuliza, Mwalimu, umeonaje? Akakunja ile karatasi akaitia mfukoni. Akasema sauti ya kwanza ni safi, mtunzi anajua kazi, ila besi wa kwaya yao wanachelewa kuingia, wanajificha nyuma ya magitaa. Halafu akanitazama.

"Kama wewe tu, Jumapili zote."

Umeme ulirudi saa mbili usiku, Fundi alikuwa ameshafunga mablanketi yake. Karatasi yangu ya mizani sijarudishiwa, na kuna mkulima anaulizia kilo zake.

Mapigo 300

Mlikula nini?

Mjusi wa Tendaguru

Ming'oko na chai. Ugali haukuwepo, kama Ufini.

Mama Nasra wa Mikindani

Mmekutana hapo mjini na mimi nipo Mikindani hapa, hata kuniambia? Haya. Nitumieni kwa simu ya mjukuu ule wimbo wa yule dada, wa pili ule, usiokuwa na ng'ombe.